Pacha wa Faili

Mtoto wa darasa la kwanza hana shughuli na neno mzio. Anajua pipi, anajua penseli, anajua nani kamsukuma kwenye foleni ya bomba. Kwa hiyo Kidoti alipotua kikombe chake cha chai alasiri ile, akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta na kusema, "Ana mzio wa salfa. Ngozi hubabuka mgongoni," mama yake alicheka, kisha akamgeukia mdogo wake mwenyewe, binti aliyehamia kwao.

"Haya, mwalimu. Mtoto hajui kufunga kamba za viatu, wewe ushamtia kwenye udaktari."

"Dada, mimi sijamfundisha kitu."

"Basi kaokota njiani."

Mdogo mtu aliinamia kazi yake. Alikuwa na sinia mapajani, anachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa asubuhi. Mtu aliyefukuzwa kazi hutafuta kitu cha kushika.

Baba yake Kidoti, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya kompyuta anazotengeneza, alikuwa mlangoni anavua viatu. Alibaki na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Sauti ilikuwa ya mwanawe, tena yenye kithembe, maana meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Lakini sentensi haikuwa ya mwanawe. Ilikuwa fupi, kavu, haina salamu. Fundi alimjua mtu mmoja tu anayeandika hivyo, naye ni Daktari wa zahanati.

"Humu kuna harufu," alisema. "Nani kamwaga spiriti ya sindano?"

"Spiriti ya sindano itoke wapi kwangu?" mkewe akamjibu. "Ingia ule."

Aliingia, lakini hakula.

Sasa nikueleze kosa lake, na usitegemee kosa la kutisha. Ni kosa la kubonyeza kitufe, na wewe pia umewahi kulifanya, ila wewe Mungu alikusitiri.

Zahanati ile ilikuwa na programu ya zamani ya kumbukumbu za wagonjwa, ya zamani kiasi kwamba baadhi ya wauguzi waliikuta kazini walipozaliwa. Programu hiyo ilikuwa na tabia yake. Kila kitu haikukiweka mahali pamoja. Jina la mgonjwa, namba yake, umri na uzito viliwekwa katika faili kuu. Maelezo marefu, yale ambayo Daktari aliyaandika mwenyewe kuhusu kila mtu, yaliwekwa katika faili la pili, lenye jina lilelile ila mkia tofauti. Fundi mwenyewe alikuwa akiliita pacha. Na aliwafundisha vijana wengine wa kazi hiyo, kwa mdomo wake, kwamba ukimbeba mmoja umbebe na mwenziwe.

Toleo jipya liliponunuliwa pamoja na kompyuta mpya, yeye ndiye aliyeitwa ahamishe kumbukumbu. Toleo jipya linaweka vyote katika faili moja, halijui habari za mapacha. Fundi alikuwa na njaa siku hiyo, na mteja mwingine alikuwa akimpigia simu kila mara kuhusu printa. Akalibeba faili kuu, akaliingiza. Skrini ikamuuliza: Sehemu ya maelezo haikupatikana. Uendelee? Akabonyeza Endelea.

Majina yakafunguka. Umri ukafunguka. Idadi ya wagonjwa ikalingana na ya zamani. Daktari akampa mkono na kumwambia ile kompyuta nzee akaitupe, naye kwa kuwa hatupi kitu, akaibeba nyumbani Kidoti achoree maua. Ikawekwa chini ya dirisha katika chumba cha mtoto. Kule zahanati, mahali pa maelezo pakabaki peupe kwa kila mgonjwa, na muuguzi akiona peupe anaelewa hivi: huyu hana tatizo.

Baada ya muda akaja Mama wa Vitambaa, muuza mapazia wa sokoni, mnene, mcheshi, ana homa na koo linamuuma. Mama yule alikuwa haamini vidonge hata kidogo. Kwake yeye dawa isiyouma si dawa. Muuguzi akamuuliza kama kuna sindano inayomdhuru.

"Mwanangu, mimi chuma," akasema. "Choma tu."

Muuguzi hakumwamini kwa maneno, alitazama skrini kama alivyofunzwa. Peupe. Akamchoma. Mama wa Vitambaa hakuufikia mlango wa kutokea.

Muuguzi huyo ndiye yule uliyemwona na sinia la mchele.

Daktari alishika kichwa. Yeye alikumbuka vizuri kwamba aliandika maelezo ya mama yule, na sasa hayapo, faili la mtu mwingine hakulifungua alinganishe, na aliyekuwa kwenye kompyuta siku ya kifo ni binti huyu. Akaona wazi: amechoma bila kusoma, alipoona mtu kafa akayafuta ajifiche. Hata hivyo ni mtu wa haki, hakuamua kabla ya kuuliza. Akamwita Fundi ofisini.

"Fundi, niambie kweli. Kompyuta inaweza kupoteza maelezo yenyewe?"

Binti alikuwa amesimama ukutani na sare yake nyeupe, anamtazama shemeji yake kwa matumaini yote ambayo mtu huwa nayo kwa ndugu. Na Fundi palepale alimkumbuka pacha. Alikiona kile kitufe, aliona kidole chake mwenyewe. Angesema wakati ule, ingekuwa aibu yake na hasara yake, basi.

"Kompyuta haipotezi kitu yenyewe, Daktari," akasema.

Na ni kweli, haipotezi yenyewe.

Binti akaachishwa kazi, na barua yake ikaandikwa kwa namna ambayo hakuna zahanati nyingine ingemchukua. Akahamia kwa dada yake, akapewa kitanda katika chumba cha Kidoti, karibu na ile kompyuta. Siku aliyofika, wanawake walipokwenda sokoni, Fundi aliiwasha, akafungua programu ya zamani, akamtafuta Mama wa Vitambaa. Maelezo yalikuwepo, mazima. "Asichomwe penisilini. Mara ya mwisho koo lilivimba, pumzi ikakatika. Hata akiomba mwenyewe, asichomwe." Akazima, akachomoa waya ukutani, akajiambia atasema kesho. Mpaka leo sijui mwanamume huyu alikuwa na kesho ngapi.

Ndipo Kidoti akaanza.

Hakuanza kwa kelele wala kwa kuanguka. Kila alasiri akirudi shule, akishakunywa chai, hutulia kidogo macho yakiwa kwenye ukuta, kisha husema jambo moja la mtu mmoja. Huyu sukari yake hupanda akikasirika. Huyu apimwe damu kabla ya kung'olewa jino. Akimaliza huomba mkate zaidi, na akiulizwa husema hakumbuki. Harufu ya spiriti ilitangulia kila mara, nyepesi, baridi puani, kama pamba iliyopita karibu na uso. Na chumbani, kutoka kwenye kompyuta isiyo na waya, ukitega sikio ulisikia kitu kinakwaruza na kugonga, kinatulia, kinagonga tena, ile sauti ya diski nzee inayotafuta kitu na haikioni.

"Panya," alisema Fundi.

"Panya wa kwetu ana saa?" mkewe akauliza. "Mbona hugonga mtoto akirudi tu?"

Siku moja mshonaji wa ghorofa ya chini alipanda kurudisha sufuria aliyoazima. Ni mwanamke wa maneno mengi, alisimama mlangoni akisimulia habari za bibi harusi aliyenenepa kabla ya kulipia gauni. Kidoti alimtazama.

"Ana kifafa. Anatumia dawa kila siku. Mumewe asiambiwe."

Sufuria haikuanguka, maana mshonaji aliishika kwa mikono yote miwili, akaikumbatia kifuani. Rangi ilimtoka usoni.

"Nani kawaambia?" alinong'ona. "Daktari aliniapia. Aliniapia hakuna atakayejua."

"Jirani, mtoto huyu anaropoka tu..."

"Mume wangu yuko hapo chini, jamani. Yuko hapo chini."

Akashuka na sufuria isiyo yake. Mama Kidoti alikaa kitini akajipepea kwa kiganja. Mdogo wake alibaki amesimama, na pole pole akageuka.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Hayo yalikuwa kwenye maelezo ya Daktari. Nilikuwa nikiyaona zamani, kabla ya kompyuta mpya. Yamefikaje hapa?"

Mlango wa pili huo. Mungu alikuwa amemfungulia mwanamume huyu mlango wa pili, mpana, na taa inawaka ndani.

"Labda wewe huongea usingizini," alisema Fundi. "Mnalala chumba kimoja. Mtoto anasikia."

Binti alifikiri. Unajua mtu aliyelaumiwa sana hufika mahali akaanza kujilaumu mwenyewe kabla hujamaliza sentensi. Macho yakamjaa.

"Inawezekana," akasema. "Siku hizi silali vizuri. Nisamehe, dada. Nisameheni."

Tangu siku hiyo alilala amejifunga kitambaa mdomoni. Fundi alimwona alfajiri akienda kuchota maji, kitambaa kimeteremka shingoni, alama ya fundo shavuni. Aliona haya, kweli aliona haya, akaenda kazini.

Halafu umeme ukakatika, jioni, jua likiwa ndio linazama. Wanawake walikuwa jikoni wakitafuta mshumaa. Fundi alikuwa peke yake sebuleni, na mtaa mzima ulikuwa kimya, mafriji yamenyamaza, redio ya mshonaji imenyamaza, na katika kimya hicho akaisikia feni ya kompyuta ikianza kuzunguka, ile nzee, isiyo na waya, katika jengo lisilo na umeme, kwanza kwa kukohoa kama ilivyokuwa desturi yake tangu ilipokuwa zahanati, kisha kwa kasi, na chini ya mlango wa chumba cha mtoto ukatokeza mwanga wa kijani, mwembamba, na harufu ya spiriti ikaja nzito hadi machozi yakamtoka, naye akainuka bila kutaka kuinuka, akausukuma mlango, akamkuta Kidoti amekaa kwenye kigoda mbele ya skrini, mgongo umenyooka kama mfanyakazi wa ofisini, mikono imetulia mapajani, na mistari inapanda kwenye skrini, mistari na mistari, na mtoto anaisoma kwa kunong'ona, yeye ambaye shuleni bado hajamaliza silabi, anaisoma bila kuvuta pumzi, jina la mtu halimo hata moja, asipewe hiki, asiambiwe kile, alifiwa na mtoto asiulizwe, anaogopa damu alazwe kwanza, mpaka Fundi akamshika mabega, na mabega yalikuwa ya baridi.

Kidoti akanyamaza. Aligeuza shingo. Kithembe kilikuwa hakipo.

"Wenyewe wako wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka. "Umewapeleka wapi wenyewe?"

Mkewe alimkuta amekaa sakafuni, mtoto amelala mapajani mwake, skrini ni giza. Mama Kidoti hakuhitaji kuambiwa. Kesho yake alimwita Bi Mafusho.

Bi Mafusho alikuwa mganga mwenye mwili, mwenye simu mbili, na asiyependa ngazi. Alifika anahema, akaketi kabla hajakaribishwa.

"Nyinyi mnaokaa ghorofani mnatutesa," alisema. "Mnalitesa jini kupanda, mnanitesa na mimi. Maji ya kunywa, mwanangu. Haya, mwenye maradhi ni nani? Huyu? Huyu hana maradhi, huyu ni mlango tu. Kitu gani kililetwa humu ndani hivi karibuni?"

"Mdogo wangu alihamia," alisema Mama Kidoti. Mdogo wake siku hiyo hakuwepo, alikuwa amekwenda kuomba kazi ya kufua.

"Nimesema kitu. Mtu ni kitu?"

Fundi alitazama dirishani. Mkewe akasema, "Kuna kompyuta. Ya zahanati."

Bi Mafusho alifukiza chumba mpaka kuta hazikuonekana. Alimketisha Kidoti mkekani, akamshika mkono, akaongea naye kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei.

"Wewe ni nani mwenzangu?"

"Mpita njia," ikajibu ile sauti iliyochoka.

"Wewe ndiye yule marehemu wa sindano?" Mama Kidoti akadakia, mdomo ameuziba kwa kanga.

"Msinisingizie wafu wenu. Mimi nilikuta mahame. Maneno mengi, hayana mwenyewe, yameachwa gizani. Sisi hukaa palipohamwa, ndiyo sheria yetu. Nikaingia nikakaa."

"Basi kaa kimya," alisema Bi Mafusho. "Mbona unamsumbua mtoto wa watu?"

"Kimya nakipata wapi? Yanalia. Kila moja linataka mtu wake. Usiku na mchana, asipewe, asichomwe, asiambiwe. Nami nimechoka. Nimeyatafutia mdomo yatoke, hayaishi."

Hapo nywele za Bi Mafusho zilimsisimka mikononi. Miaka yote alikuwa amesikia majini yakidai nguo, yakidai manukato, yakidai mume wa mtu. Hakuwa amesikia moja linalodai usingizi.

"Utatoka vipi?"

"Aliyeyaacha ayarudishe kwa wenyewe. Yakirudi yote, natoka. Likibaki moja, nitabaki nalo."

"Utabaki nalo wapi? Si kwa mtoto."

"Kwa aliyelibakiza."

Mtoto alilegea, akapiga chafya, akalalamika kwamba moshi unamuuma macho. Bi Mafusho akampangusa kamasi kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha akamtazama Fundi.

"Mimi majini nayatoa. Mambo ya kompyuta siyajui. Lakini kitu hakipotei chenyewe, baba. Wewe unajua linachosema?"

Fundi alijua mkewe anamtazama.

"Kuna maelezo," akasema. "Ya zamani. Niliyasahau wakati wa kuhamisha. Ni jambo dogo, nitalirekebisha."

Bi Mafusho alikusanya vyetezo vyake akashuka ngazi akinung'unika. Mama Kidoti alingoja mpaka hatua zake zikaisha.

"Baba Kidoti. Na ya Mama wa Vitambaa yamo?"

"Hayamo," akasema.

"Niapie."

"Hayamo, mama. Nimetazama."

Mkewe alimwamini. Walikuwa wameoana kwa upendo, na hiyo ndiyo shida ya upendo.

Jumamosi mchana zahanati ilifungwa mapema. Fundi aliibeba kompyuta nzee begani mpaka ndani, akamwambia Daktari kwamba toleo jipya lina marekebisho kidogo. Daktari alimwacha na kazi yake, akaenda chumbani kwake kula chakula cha mchana kilichopoa.

Fundi aliifungua programu ya zamani, akaiamuru iyatoe maelezo yote kama maandishi matupu, yale ambayo toleo lolote duniani linayasoma, kila maelezo na namba ya mgonjwa wake mbele. Kisha akaliambia toleo jipya liyapokee. Haikuchukua muda mrefu. Hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba siku ile ya njaa na printa ingetosha kabisa. Nafasi nyeupe zilijaa moja baada ya nyingine. Salfa ilirudi kwa mwenyewe. Kifafa kilirudi kwa mshonaji. Kwenye kompyuta nzee ile sauti ya kugonga ikawa inapungua, inapungua, kama watu wanaotoka ukumbini. Fundi alijikuta anatabasamu.

Halafu skrini ikasimama.

Maelezo 1 yana mgonjwa aliyefungwa. Uyaunganishe na faili lililofungwa, au uyafute?

Hakuhitaji kuyasoma. Aliyefariki hufungiwa faili lake, ndiyo taratibu ya toleo jipya.

Nimekwambia mwanamume huyu si mtu mbaya, au sijakwambia? Alikaa pale, kidole juu ya kitufe. Akiyaunganisha, Daktari akifungua atayaona, na pembeni patakuwa na tarehe ya leo na jina la aliyeyaingiza. Shemeji yake atarudishiwa sare yake. Na yeye? Nani tena atampa kompyuta yake? Watoto wa Mama wa Vitambaa watakuja kusimama mlangoni kwake, na Kidoti atawafungulia. Alifikiria kile kitambaa mdomoni. Alikifikiria sana, nataka ujue hilo. Kisha akajiambia binti bado mdogo, ana nguvu, kazi ya kufua nayo ni kazi, na mtoto kwanza apone, hayo mengine kesho.

Akabonyeza Futa. Skrini ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo. Halafu akaisafisha diski ya ile nzee mpaka haikubaki na kitu.

Harufu ya spiriti ilimwingia kooni mara moja, baridi, akakohoa. Alidhani ni vumbi la kompyuta.

Nyumbani alikuta kicheko. Kidoti alikuwa amerudi kutoka kucheza, amekunywa chai, amekula mkate, na amesimulia habari ndefu ya mbwa wa mwenye duka kwa kithembe chake chote. Alasiri ilikuwa imepita na hakuna mtu aliyetajwa ugonjwa wake. Chumbani palinukia sabuni. Mama Kidoti alimpakulia mumewe chakula mapema, akamwekea kipande kikubwa, na alipopita nyuma yake alimgusa bega.

Mdogo wake alikuwa kitini na mkasi na ile sare nyeupe mapajani. Aliamua kuikata vitambaa vya kufutia vyombo, maana alisema kuiona ukutani kunamchosha. Alikuwa bado hajakata. Alikuwa anautafuta mshono wa kuanzia.

Simu ya Fundi ikalia. Mkono wake ulikuwa kwenye sahani, umejaa mchuzi, kwa hiyo mkewe akamfungulia spika na kuiweka mezani.

"Fundi," ilikuwa sauti ya Daktari, na ilikuwa na furaha iliyochanganyika na mashaka. "Nimefungua mafaili. Maelezo yangu yote, yale niliyoanza kuona hayapo, yamerudi. Yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa yamefichwa na mpangilio wa skrini, Daktari," akajibu. Jibu hilo alilitengeneza njiani, likatoka bila tatizo.

Mkasi ukatulia hewani.

"Sawa. Basi nisaidie kitu kimoja, kinaninyima raha," alisema Daktari. "Ya Mama wa Vitambaa ndiyo peke yake hayamo. Ya watu wote yamerudi, yake hayamo. Kwa hiyo kweli yule binti aliyafuta? Niambie tu, Fundi. Nikijua nitatulia."

Binti aliinua uso. Mama Kidoti alisimama na kijiko mkononi. Neno lililotakiwa lilikuwa moja na dogo. Fundi alimeza, akafungua mdomo aseme ndiyo.

"Asichomwe penisilini," alisema. "Mara ya mwisho koo lilivimba, pumzi ikakatika. Hata akiomba mwenyewe, asichomwe."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Hayo niliyaandika mimi," Daktari akasema pole pole. "Hivyo hivyo, neno kwa neno. Wewe umeyasoma wapi?"

Fundi alitaka kusema samahani. Aliitafuta kinywani, akaisukuma kwa ulimi. "Asichomwe penisilini," alisema. Alijiziba mdomo kwa mkono wenye mchuzi, na maneno yakaendelea nyuma ya kiganja, mara ya mwisho koo lilivimba, pumzi ikakatika, na chumba kilinuka spiriti mpaka mshumaa wa siku ile ya giza ungewaka wenyewe.

Kidoti aliacha mkate, akazunguka meza, akamshika baba yake goti.

"Usiogope, baba," alimwambia. "Mwanzoni inaogopesha. Utazoea."

Mama yake mdogo aliweka mkasi chini. Aliikunja sare yake mara mbili, akaiweka kwenye kiti. Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo wa shemeji yake.

"Daktari," alisema, "ni mimi. Usikate. Bado anasema."